Barua ya wazi kwa wakubwa wa ardhi wa Haut-Katanga: tufungulieni mabuku ya zamani kwa majina

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga. Kwa Waziri wa Jimbo mwenye kushughulikia mambo ya ardhi. Kwa makonsevatere wa hati za mali isiyohamishika, watunzaji wa mabuku ya ardhi. Kwa Meya wa Lubumbashi na mabugumestre, wakuu wa komine zote za mji.

Waheshimiwa, jambo yenu.

Naomba kitu kimoja, na ninakitaja mapema ili asiye na muda wa kusoma barua ndefu ya mwalimu mstaafu aelewe hapa hapa. Tupatieni faharasa ya majina yote yaliyoandikwa katika mabuku ya zamani ya ardhi ya mji huu, iwekwe kwenye intaneti, mtu aandike jina la babu yake katika simu na aone kama limo, limo katika buku gani, ukurasa gani, mwaka gani. Basi. Siombi lupango, yaani kiwanja. Sidai nyumba ya mtu. Sina kesi mahakamani wala sitafuti njia ya kuianzisha. Ninatafuta watu wangu waliokufa, nami najua siko peke yangu, maana hapa Katuba kila kilio kina mzee mmoja anayeulizwa ukoo umetoka wapi, na kila mwaka wazee wa namna hiyo wanapungua.

Nyinyi mnajua kuliko mimi jinsi mabuku yale yanavyopangwa, ila barua hii itasomwa na wengine pia, kwa hiyo mniruhusu nieleze. Kongo ilirithi mfumo wa Torrens wa kuandikisha ardhi, ulioanza Australia Kusini mwaka 1858 na kuletwa kwetu na Dola Huru ya Kongo katika miaka ya 1880. Sertifika ya uandikishaji, karatasi inayothibitisha haki ya mtu juu ya ardhi, hutengenezwa nakala mbili. Moja hupewa mwenye haki, naye huenda kuificha chini ya godoro au ndani ya sanduku la bati. Ya pili hubaki kwa konsevatere na kuwa ukurasa wa buku la uandikishaji. Ndipo zinapotoka zile namba mbili za volumu na folio, yaani buku na ukurasa, ambazo kila mwenye sertifika anazijua kwa moyo. Lupango likibadili mwenyewe, sertifika ya kwanza inafutwa, nyingine inaandikwa, na ile mpya inataja haki hiyo ilitoka kwa nani. Kwa hiyo anayeshika ukurasa mmoja anaweza kurudi nyuma, mwenyewe baada ya mwenyewe, hadi siku ardhi ile ilipopimwa mara ya kwanza. Kwa mtafuta ukoo, hakuna karatasi nyingine ya serikali iliyounganishwa vizuri namna hiyo. Ubatizo unakuonyesha mtu mmoja siku moja. Buku la ardhi linakuonyesha nani alimwachia nani.

Shida ni kwamba mabuku yale hufunguliwa kwa namba, na sisi tunakuja na majina. Ukisema unatafuta habari za babu, unaulizwa volumu na folio, au angalau namba ya kadastre, ile ya kipimo cha kiwanja. Ningekuwa nazo ningetafuta nini tena? Katika ofisi moja ya mji huu, ambayo sitaitaja, mtumishi mmoja kijana alinijibu kwa adabu kabisa: «Mama, huku hatuchungi watu, tunachunga viwanja.» Sikumkasirikia, alisema kweli kuhusu kazi yake. Wa chumba cha pili ndiye aliyeniudhi, kwa kuwa yeye aliona njia: nimpe kitu kidogo kisicho na risiti, aingie mwenyewe nyuma ya kabati akaangalie. Yaani jina linaweza kutafutwa, ila kwa mwenye pesa, na kwa siri. Ninachoomba ni kwamba kitu hicho hicho kifanyike mbele ya watu na bure.

Lakini nikiishia kwa makonsevatere nitakuwa nimeomba nusu ya kitu, tena nusu isiyo yetu. Tuseme wazi mabuku makubwa ya uandikishaji kabla ya Uhuru yamejaa nani. Yamejaa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba iliyoanzishwa mwaka 1906. Yamejaa misheni, kampuni ya reli, Wabelgiji, na wafanyabiashara Wagiriki, Waitalia na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Ardhi yenyewe ilikuwa mikononi mwa Comité Spécial du Katanga, chombo kilichoundwa mwaka 1900 kuisimamia kwa niaba ya Dola Huru na Kampuni ya Katanga. Mji ulipoanzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli ya kutoka Rhodesia ilipofika, Mwafrika alihesabiwa mkono wa kazi. Alilala kambini kwa kampuni au katika cité ya weusi, ng'ambo ya ukanda uliokatazwa kujengwa kati yake na mji wa wazungu. Alipopewa mahali, alipewa ruhusa ya kukaa tu. Sheria ya kumruhusu Mkongo kumiliki ardhi ya mjini kama mtu binafsi ilikuja mwaka 1953, wakati wengi wa babu zetu walikuwa wamekwisha kuzeeka kazini.

Basi babu zetu wako wapi katika karatasi? Wako komine. Wako katika madaftari ya livret de logeur (kijitabu cha mwenye lupango), fishi (kadi) za lupango, na karatasi za nyumba zilizojengwa na Office des Cités Africaines miaka ya 1950. Hizo ndizo zinazolala sakafuni, zinazonyeshewa kila masika, zinazoliwa na mchwa, zinazohamishwa kwa mkokoteni ofisi inapobadilishwa. Buku la konsevatere angalau lina jalada gumu na lina watu wanaoliogopa, kwa sababu kesi za mamilioni ziko humo. Daftari la komine ya Kenya, ya hapa hapa mjini, la zamani lina nani wa kuliogopa? Ndiyo maana nawaambia mapema: mkichukua kamera na kuanza na mabuku makubwa peke yake kwa sababu ndiyo masafi na yenye heshima, mtakuwa mmetumia pesa ya Wakongo kuandika upya historia ya wazungu wa Élisabethville, jina la kikoloni la mji huu. Anzeni na karatasi dhaifu. Anzeni Kamalondo, ambayo mabuku ya zamani yanaiita Albert, kisha Kenya, kisha Katuba na Ruashi. Konsevatere anaweza kungoja miaka miwili. Daftari lililolowa haliwezi.

Na kuna watu ambao hata komine haiwajui, nao ni wengi. Mfanyakazi wa Union Minière aliyekaa kambini hakuwa na lupango. Nyumba ilikuwa ya kampuni, chakula cha kampuni, shule ya watoto ya kampuni na mapadri. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwakalisha watu hapa kwa kudumu pamoja na wake zao badala ya kuwarudisha kijijini kila mkataba ulipokwisha, na watu hao walitoka Lomami, Maniema, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Mtu wa namna hiyo anajitokeza katika daftari la ardhi siku anapoacha kazi, au anapofukuzwa, au anapokufa na mjane anatafuta mahali pa kulala. Siku hiyo ni ya thamani sana kwa wajukuu. Inaonyesha aliyemkaribisha ni nani, alinunua kwa nani, alikaa karibu na nani. Watu walikuwa wanajipanga mtaani kwa kufuata walikotoka, kila mtu akimvuta ndugu yake. Nani alikuwa jirani si jambo dogo.

Nichukue mfano wa kwetu ili msidhani ninasema hewani. Babu yangu mzaa mama alitoka upande wa Lomami akiwa kijana, akafanya kazi ya kampuni, akatoka kambini, akapata lupango. Kijitabu chake cha lupango tunacho. Kina jina la chifu wa kwao, na kinataja aliyekuwa na mahali pale kabla yake. Jina la mtu huyo ni lile lile la kaka yake mkubwa, ambaye ukoo wote unaamini alipotelea Jadotville (Likasi ya leo) na hakuonekana tena. Ni yeye? Ni mtu mwingine tu mwenye jina hilo, maana kwetu majina yanarudi kama misimu? Kama ni yeye, basi hakupotea: alikuwa hapa, akamwachia mdogo wake nyumba, akaenda mahali fulani, na huenda ana wajukuu Likasi au Kolwezi ambao nao wanaimba kwamba babu yao hakuwa na ndugu. Faharasa ya majina ingenijibu kwa dakika moja, au angalau ingeniambia niende kusoma ukurasa gani.

Tena mama alikuwa akisema kwamba pesa ya lupango lile haikuwa ya babu hata kidogo. Ilikuwa ya bibi, ya munkoyo (kinywaji cha mahindi) aliouza miaka na miaka. Katika kijitabu bibi hana jina. Hili nalo mlifikirie mtakapoamua ni majina ya nani yaingizwe. Wanawake wa mji huu wako katika karatasi hizo, lakini wamejificha: kama mjane, kama shahidi, kama «mke wa fulani», kama mwenye chumba cha nyuma. Faharasa ikichukua jina la mwenye lupango peke yake, nusu ya mji itapotea mara ya pili.

Mtaniuliza nani amewahi kufanya kazi kama hii. Nitawapa mfano wa mbali, kwa sababu ndio nilioonyeshwa na mtoto wa dada yangu anayeishi Ulaya, tukakaa usiku mzima tukiuchezea. Ni Ayalandi. Mjini Dublin kuna ofisi ya kuandikisha hati za ardhi iliyofunguliwa mwaka 1708, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1707. Watu walipeleka muhtasari wa hati, umeshuhudiwa, na makarani wakaunakili kwa mkono katika mabuku makubwa. Wakatengeneza faharasa mbili: moja ya mahali, nyingine ya majina. Lakini sikilizeni vizuri: faharasa ile ya majina ilikuwa na majina ya waliotoa haki tu, yaani wauzaji na wapangishaji. Aliyenunua hakuwekwa. Kama babu yako alikuwa mpangaji maisha yake yote, makarani wa Dublin hawakukuachia njia ya kumfikia.

Ni watu wa kujitolea, watafiti wa koo zao tu, waliokaa wakarekebisha. Walichukua muhtasari mmoja mmoja wakaandika kila jina lililo ndani: muuzaji, mnunuzi, shahidi, mpangaji, jirani aliyetajwa kwa sababu shamba lake linapakana. Leo mtu anaandika jina, anapata mwaka, mahali, kazi ya mtu yule katika hati, na namba tatu: buku, ukurasa, na muhtasari. Kwa namba hizo anakwenda kufungua picha za kurasa, ambazo FamilySearch, shirika la Marekani la nasaba, imeziweka wazi bila malipo. Kazi haijaisha, hati ni nyingi mno, na unaweza kukosa jina leo na kulikuta baada ya mwaka. Hakuna anayelalamika. Kidogo kilichokwisha kufanywa kinatumika tangu siku ya kwanza.

Mambo mawili ya mfano huu yalinigusa kama Mkongo. La kwanza: ofisi ile ilifunguliwa, kwa sehemu, ili kuwabana Wakatoliki, ambao wakati ule walikatazwa kununua ardhi katika nchi yao wenyewe. Lilikuwa daftari la mtawala, na bado wajukuu wa waliobanwa ndio wanaolisoma sasa kwa hamu kuliko wote. Kwa hiyo asitokee mtu akasema karatasi za ukoloni ni aibu ya Wabelgiji, ziachwe zioze. Aibu ni yao. Majina ni yetu. La pili: Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya nyaraka za taifa pale Four Courts iliungua, na sehemu kubwa ya sensa za zamani na wasia vikateketea. Mabuku ya hati za ardhi yalikuwa katika jengo jingine, yakapona. Tangu hapo, kwa familia nyingi za nchi ile, karatasi ya ardhi ndiyo iliyobaki kusema kwamba mtu fulani aliishi. Sisi tumepita kujitenga kwa Katanga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, uporaji wa mwaka 1991, vita mbili baada ya hapo. Ni ofisi ngapi za mji huu zingeweza kusema karatasi zake zote zimepona?

Sasa nije kwenye ufundi, kwa kuwa faharasa ya Dublin ikiletwa hapa bila kubadilishwa haitafanya kazi. Majina yetu hayatembei kama ya kwao.

Karani Mbelgiji aliandika alivyosikia, na Mbelgiji wa Kifaransa hasikii kama Mflamandi, Mbelgiji wa Kiholanzi. Mtu mmoja ni Ngoy hapa, Ngoie pale, Ngoyi kwa padri. Mwamba na Muamba. Kyungu na Kiungu. Tshibanda, Chibanda, Cibanda. Mashine inayotafuta herufi kwa herufi itawaambia watu wengi kwamba babu zao hawakuwahi kuishi. Inatakiwa ijue kwamba haya ni majina yale yale, iyalete pamoja, na imwachie mtafutaji achague. Lakini katika kunakili, jina liandikwe jinsi lilivyo ndani ya buku, na kosa lake, wasahihishaji wakae mbali. Mtu akianza kunyoosha majina anayodhani anayajua, tutapata faharasa safi ya watu ambao hawakuwepo.

Halafu mwaka 1972. Nyote mlio na umri wangu mnakumbuka. Majina ya Kikristo yakaondolewa kwa amri ya Mobutu, Joseph akaamka na jina la babu yake na la babu wa babu yake. Wengine walirudia ya zamani miaka ya 1990, wengine hawakurudi tena. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1980 anamjua babu yake kwa jina lile la Kiafrika alilopewa wakati wa Zaire. Buku la mwaka 1955 linamjua kwa jina la ubatizo na jina moja la nyumbani. Hakuna karani wala mashine itakayounganisha hao wawili. Ni familia peke yake inayojua. Kwa hiyo naomba pawe na mahali ambapo mjukuu anaweza kuandika: huyu wa buku fulani ndiye huyu tuliyemzika kwa jina fulani. Liwekwe kando, kwa rangi nyingine, kama neno la familia, lisichanganywe kamwe na neno la buku. Baada ya miaka michache neno hilo la familia litakuwa na thamani kubwa kuliko faharasa yenyewe, huo ndio uamuzi wangu.

Mahali nako hivyo hivyo. Élisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Jadotville ikawa Likasi. Katanga ikawa Shaba mwaka 1971, ikarudi Katanga mwaka 1997, ikakatwa majimbo manne mwaka 2015, na karatasi za watu wa Kolwezi na Kalemie zilizowahi kuletwa hapa hazikuhama pamoja na mipaka. Avenyu zimebadilishwa majina, nyumba zimehesabiwa upya. Mtafutaji aandike jina analolijua, la sasa au la kale, afike.

Najua pingamizi lenu, nami silidharau. Mtasema: mwalimu, ardhi ya Lubumbashi ni moto. Kila siku mahakama zinajaa watu wenye karatasi mbili za lupango moja. Ukiweka majina ya zamani hadharani, walaghai watapata chakula: watachukua jina la marehemu, watatengeneza mrithi, watakuja na hati ya uongo. Tena kuna majeraha. Novemba 1973 zilikuja hatua za kuzairisha, mali ya wageni ikabadili mikono. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika jimbo hili, nyumba zikauzwa kwa bei ya kutupa au kuachwa. Nani anataka kuyafungua hayo? Nasema hili nikiwa mjukuu wa mtu wa Lomami, upande ule ule wa Kasai, sihitaji kuelezwa.

Kwa sababu hiyo sikuomba mabuku yote. Nimeomba ya zamani. Sehemu ya kwanza iishie tarehe 30 Juni 1960, siku ya Uhuru, na isiguse ukurasa wowote wa baada ya hapo mpaka bunge la jimbo na wananchi wajadili. Faharasa iwe na jina, mwaka, komine kwa jina lake la kale, kazi ya mtu katika karatasi ile, na namba ya buku na ukurasa. Isitaje namba ya kadastre ya leo. Isionyeshe ramani. Isitoe picha ya sahihi ya mtu, maana sahihi ndiyo mlaghai anayoitaka. Mwenye kutaka kusoma ukurasa mzima aje ofisini na kitambulisho, aandike jina lake katika daftari, asome mbele ya mtumishi. Na juu ya kila ukurasa wa mtandao iandikwe kwa Kifaransa na Kiswahili kwamba orodha hii haimpi mtu haki yoyote. Sheria ya 20 Julai 1973 imekwisha kusema: ardhi ni mali ya serikali, na haki ya kuitumia haithibitishwi kisheria ila kwa sertifika ya uandikishaji. Jina katika faharasa ya mwaka 1949 halina nguvu mbele ya kifungu cha 219 cha sheria hiyo, na hakimu yeyote anajua.

Nikiongeza la moyoni: ulaghai wa ardhi hapa kwetu haujawahi kuhitaji intaneti. Umestawi kwa sababu ni wachache tu wanaoweza kufungua kabati. Mwenye kufaidika na giza ndiye atakayewaambia kwamba mwanga ni hatari.

Kuhusu gharama, msiogopeshwe na wauza mashine. Hatuombi skana za kutoka Ulaya wala jengo lenye vioo. Simu nzuri iliyofungwa juu ya meza, taa mbili, na mtu mwenye subira vinatosha kupiga picha daftari kabla halijafa. Kunakili majina kufanywe na watu wawili wasioonana, wa tatu alinganishe. Hivyo ndivyo makosa yanavyokamatwa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanafunzi wa historia wanaotafuta kazi za mwisho wa masomo, na mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulikwisha kuonyesha kwamba watu wa mji huu wako tayari kuleta kumbukumbu zao wakiulizwa kwa heshima. Wastaafu tupo. Tunasoma mwandiko wa zamani kuliko vijana, kwa kuwa masista walitufundisha mwandiko ule ule kwa fimbo.

Faharasa yenyewe ni maneno matupu, haili megabaiti. Ifunguke katika simu ya kawaida, na nakala kamili ikae katika kila komine kwa ajili ya siku ambazo umeme wa SNEL haupo na mtandao haupo, nyingine ikae chuoni, nyingine nje ya mji kabisa. Kuitafuta iwe bure. Mkitaka kulipisha kitu, lipisheni nakala iliyogongwa muhuri, na bei yake ibandikwe ukutani.

Jambo moja ni lenu peke yenu, sisi raia hatuliwezi. Sehemu ya nyaraka za utawala wa kikoloni ilipelekwa Brussels, na sasa iko au inahamishiwa katika Nyaraka za Taifa za Ubelgiji. Gavana akiandika rasmi kupitia Kinshasa kuomba picha za kila kilichohusu ardhi na makazi ya Élisabethville, atajibiwa. Mwalimu wa Katuba akiandika, atatumiwa fomu.

Kijitabu cha babu yangu kipo tayari kupigwa picha, nami nimekwisha kuzungumza na familia kadhaa za mtaa wetu zenye vyao. Tuambieni tu meza itakuwa komine gani na mnafungua saa ngapi. Kama jibu ni hapana, nalo tunaliomba kwa maandishi, na sababu yake, tuweze kulijadili.

Natanguliza heshima zangu kwenu, Waheshimiwa.

Mwalimu mstaafu,
Komine ya Katuba, Lubumbashi